Alama Nyeupe Kwenye Alteneta

Alteneta haifi ghafla, ingawa kila dereva aliyewahi kuvutwa kwa kamba hadi uani kwangu ameniapia kwamba yake ilikufa ghafla. Huanza kwa taa ya betri kwenye dashibodi, nyekundu, inayowaka kinyonge gari likiwa limesimama na kuzimika ukikanyaga mafuta. Dereva huiona na kujisemea kwamba ni taa tu. Siku ya tatu taa za mbele zinafifia na honi inakohoa. Siku ya nne anazima gari ili anunue vocha, na haliwaki tena. Hapo ndipo anaponipigia simu na kunieleza kwamba kuna kitu kimetokea sasa hivi.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Karatu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Kwa asiyejua, alteneta ni ile mashine ya ukubwa wa sufuria ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, ikizungushwa na mkanda ili kuzalisha umeme. Watu wengi hudhani umeme wa gari unatoka kwenye betri. Betri ni ghala tu, mkulima ni alteneta. Mkulima akifa, ghala litakulisha siku moja au mbili, kisha mtalala njaa wote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni muda gani alteneta ya kubadilishia itadumu. Nina jibu la dukani na jibu la kweli. Ile iliyozaliwa na gari inaweza kukaa miaka kumi na zaidi bila kuguswa. Ukishaing'oa hiyo, umeingia kwenye maisha mengine. Zipo za mtumba kutoka Japani, ambazo hujui zimeshafanya kazi kiasi gani kabla hazijakufikia. Zipo mpya za kwenye boksi, ambazo zinang'aa, na kung'aa ndiyo sifa yake kubwa. Halafu zipo tunazozifufua wenyewe mezani, kwa kubadilisha beringi na vile vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete za shaba ndani yake. Mimi huwa naipenda ya mtumba iliyofunguliwa na kusafishwa na mtu anayejua. Hiyo nilikuwa nikiwaambia watu itafika miaka mitatu, minne, mtu asipoitesa.

Hayo bado nayasema. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likiziua alteneta za mji huu kuliko uzee na kuliko ufeki, na jambo hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye kipande cha bati na kukitundika getini kwangu. Bati lilisema: INJINI IOSHWE KWANZA NDIPO GARI LIINGIE.

Sipendi uchafu, na silisemi hilo kwa kuomba radhi. Nilipoanza kazi hii wateja walikuwa wakiingia uani wananiangalia nguo kwanza, kisha wananiuliza fundi yuko wapi. Wengine, kwa kuona mimi ni mwanamke, waliniagiza chai. Nikaamua kwamba mtu yeyote atakayeingia kwangu atanikuta na ovaroli iliyopigwa pasi, spana zimepangwa kwa ukubwa, na sakafu imefagiliwa. Udongo wa Karatu ni mwekundu na unanata, na magari yanayotoka bondeni Ngorongoro huja na vumbi lingine jeupe la magadi juu ya ule wekundu. Kumwinamia mtu injini ya namna hiyo ni kumfulia nguo zake kabla hujamshonea kifungo. Ndiyo maana ya lile bati.

Ng'ambo ya barabara kuna watu wenye mashine ya maji ya presha. Bati langu liliwapa kazi, nao wakanipenda. Dereva anatoka bondeni injini ikiwa bado inaunguza, anasimama kwao, wanafungua boneti, wanapaka petroli iliyochanganywa na sabuni ya unga, wanasugua kwa brashi ya kufulia, kisha wanapiga maji. Gari linavuka barabara kwangu likiwa limetulia, safi, linatoa mvuke. Madereva wa watalii walilipokea vizuri kuliko wote, maana wao tayari wanaishi kwa usafi. Mgeni aliyetoka mbali hapandi gari lenye matope, na dereva anayefungua boneti mbele ya mgeni anataka kionekane kitu cha kupigwa picha. Kuna miaka ambayo ukisimama barabarani Karatu ungedhani injini zetu zinakwenda kanisani.

Nilikuwa na desturi nyingine, na hiyo naizungumza kwa uchungu kidogo. Kila alteneta niliyoifunga niliiandika mgongoni tarehe na namba yangu, kwa kalamu ya rangi nyeupe, ile wanayoandikia kwenye matairi. Namba hiyohiyo niliiandika kwenye daftari. Ikirudi kabla ya wakati, nilitazama mgongo wake nikajua umri wake. Mafundi wenzangu walikuwa wakikwaruza kwa msumari au kupiga patasi. Mimi niliona msumari unachafua kazi. Mwandiko wangu ni mzuri, na rangi nyeupe juu ya aluminiamu inapendeza.

Sasa nifike kwa dereva.

Alikuwa Mwiraqw kama mimi, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mtu wa vilima vya upande wa kwenda Mbulu. Alikuwa ameendesha wageni kwa kampuni moja ya Arusha tangu nikiwa shuleni. Simu yake ilikuwa na mlio wa ndege fulani wa mbugani Ndutu. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa ya kushukuru. Kampuni ilikuwa na magari manane, yote mapana, ya paa la kufunguka, na yote yakipatwa na shida ya umeme upande huu yaliletwa kwangu. La kwake ndilo lililokuja mara nyingi zaidi, kwa sababu kila alipotoka safari alilipitisha nilikague hata kama halina kosa. Na kila alipolipitisha, aliliosha kwanza. Injini yake ungeweza kukandia unga juu yake. Niliwahi kuwaita madereva wengine waje waione.

Alteneta yake ya kuzaliwa ilikufa ikiwa na umri wa kuheshimika, hakuna aliyeshangaa. Tukafunga mpya ya boksi kutoka duka la spea la hapa mjini. Ikakaa miezi minne. Nikasema ni feki, na nikamsema mwenye duka kwa watu wengi, mzee mpole ambaye aliniambia tu kwamba kutoka mzigo uleule ameuza nyingine sita na hakuna iliyorudi. Sikumwamini. Tukafunga ya mtumba. Ikakaa miezi mitatu kasoro siku chache. Safari hii nikalaumu friji. Magari haya yanabeba friji ya vinywaji, redio, na soketi za wageni kuchajia kamera, na yote hayo yananyonya alteneta moja. Dereva akaing'oa friji yake, akaanza kubeba soda kwenye boksi la barafu. Wageni hawakulalamika.

Kampuni haikuiona habari hii kama mimi. Magari mengine saba yalikuwa hayasumbui kiasi hicho, na katika biashara hii kuna wizi mmoja ambao kila mwenye gari anaujua: dereva anauza spea nzima njiani, anafunga mbovu, kisha anarudi na kusema imekufa. Gari lile lilikuwa linalala mara kwa mara upande wa Piyaya, kwenye kambi ya wageni wa kutembea kwa miguu, na kutoka pale Loliondo si mbali. Loliondo kuna magari mengi ya zamani ya aina ileile, yanabeba mbuzi na watu kwenda minadani, na kila mwenye gari la namna hiyo yuko tayari kununua alteneta nzuri bila kuuliza imetoka wapi. Meneja hakumwita mwizi. Alimwambia kwamba alteneta ya tatu ikifa mapema, atakabidhi funguo.

Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama kando ya lile bati langu. Alisema ameendesha miaka ishirini na miwili bila kuandikiwa barua ya onyo hata moja. Niliona kwamba anaogopa, na nikapata hasira kwa niaba yake, hasira nzuri ya mtu asiye na kosa.

Kwa hiyo nikaenda Arusha mwenyewe. Nikazunguka maduka ya mtumba siku nzima, nikazungusha alteneta nyingi kwa mkono nikisikiliza beringi zake, nikachagua moja. Nikairudisha Karatu, nikaifungua, nikaweka kaboni mpya na grisi mpya, nikaifunga kwenye gari na kuiandika mgongoni: tarehe, na namba yangu. Nikamwambia dereva asikose kuileta kila wiki niipime. Akasema atafanya hivyo. Na kweli kila wiki alikuja, na kila wiki, kabla ya kuvuka barabara, aliosha injini, kwa sababu bati lilisema hivyo na yeye alikuwa mtu wa kufuata maneno.

Ilidumu wiki tisa. Alikuwa anarudi na wageni wanne kutoka Ndutu, na kwenye bonde la Malanja kulikuwa na twiga karibu na barabara. Akazima injini ili wageni wapige picha bila gari kutikisika. Walipomaliza, gari halikuwaka. Wageni wakahamishiwa gari la kampuni nyingine, na yeye akavutwa hadi kwangu. Hata siku ile, kabla hajaingia, aliomba wamsimamishe ng'ambo ili aoshe. Nilimwona kwa macho yangu akiwa amekunja mikono ya shati, akiwaonyesha mahali pa kusugua.

Niliing'oa alteneta na kuiweka mezani. Meneja akapiga simu, nikaweka sauti kubwa ili dereva asikie. Nilidhani nitamsaidia.

"Mama fundi," meneja akasema, "nina swali moja tu. Hiyo iliyo mezani kwako ndiyo uliyoifunga wewe?"

Nikaigeuza. Nikaifuta kwa kitambaa. Mgongo ulikuwa mtupu, aluminiamu safi, bila tone la rangi nyeupe. Nikaigeuza tena kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alikokwisha kutafuta. Kwa umbo ilikuwa sawa na ile niliyoichagua, lakini alteneta za aina ile zote zinafanana, na kibandiko cha namba cha kiwandani kilikuwa kimeshang'oka tangu huko Japani. Nilichokuwa nacho cha kuitambulishia ni mwandiko wangu, na mwandiko wangu haukuwepo.

"Alama yangu haipo," nikasema.

Meneja akashukuru na kukata simu. Dereva alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Hakupandisha sauti.

"Mama fundi, ni ileile. Sijaifungua hata nati moja."

Nikamwambia kwamba si mimi ninayesema, ni alteneta. Ninayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu wakati ule niliyaona ya maana. Nilimwona ameniaibisha. Nilikuwa nimekwenda hadi Arusha kwa ajili yake, nimemtetea kwa wenye maduka na kwa wenzake, na sasa nikaamini kwamba nimetetea mwizi. Alichukua darubini yake kutoka kwenye gari, na kitabu chake cha ndege, na chupa ya chai. Akafuta usukani kwa leso. Funguo akaziweka mezani kwangu, karibu na ile alteneta, akaaga kwa adabu, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Alteneta mbovu hakuja mtu kuidai. Niliitia kwenye mfuko wa saruji na kuisukuma chini ya meza. Sikuifungua. Wakati wa msimu hakuna fundi anayefungua mzoga, kampuni zinataka gari kesho asubuhi, unafunga nyingine na maisha yanaendelea. Nikafunga ya nne, nayo ya mtumba, kutoka duka lilelile la Arusha nilikochukulia ya tatu, nikaiandika mgongoni kama kawaida. Gari likapewa dereva mpya, kijana wa Arusha, na likapotea machoni pangu, maana huyu matengenezo yake aliyafanyia kwao.

Mwaka mmoja na nusu ukapita, na zaidi kidogo. Siku moja mchana kijana yule akaingia uani kwangu bila kupiga hata honi, kwa sababu honi ndiyo iliyokuwa mbovu. Gari lilikuwa limevaa tope hadi madirishani. Nikamwonyesha bati.

"Maza, mimi injini siioshagi," akasema. "Mzee wangu alikuwa wa malori, alinikataza. Anasema maji yakiingia kwenye umeme yanakaa humohumo."

Nilitaka kumrudisha. Lakini wageni wake walikuwa wanasubiri hotelini, na kukataa kutengeneza honi kwa sababu ya tope ni ukaidi hata kwangu. Nikafungua boneti. Sijawahi kuona injini chafu namna ile. Vumbi na oili vilikuwa vimeshikana na kuwa ganda nene kama ukoko wa ugali. Nikatengeneza honi. Halafu, kwa mazoea tu, nikapima chaji, na mita ikasoma kama ilivyosoma siku niliyoifunga. Nikachukua bisibisi, nikakwangua ganda mgongoni mwa alteneta ili nione ni ya nani.

Ukoko ukang'oka kipande kizima. Chini yake kulikuwa na mwandiko wangu mweupe, umekaa vizuri kabisa, tarehe na namba, kana kwamba nimeuandika jana. Ilikuwa ni ile ya nne. Miezi kumi na tisa, na haijaguswa.

Jambo la kwanza nililolisikia ni fahari, lazima niliseme hilo. Nilimwambia kijana kwamba hiyo ndiyo kazi ya fundi. Aliondoka, na mimi nikabaki nimesimama na bisibisi mkononi, na ile fahari ikaanza kuniisha. Kwa nini mwandiko ulikuwa umedumu pale, kwenye uchafu wa miezi kumi na tisa, na ule mwingine haukudumu wiki tisa?

Nikachukua ganda la alteneta ya zamani lililokuwa nyuma ya banda. Nikaliandika kwa kalamu ileile, nikaliacha juani hadi kesho yake rangi ikakauka kabisa. Kisha nikavuka barabara, nikawaambia wale wa mashine ya maji walioshe kama wanavyoosha injini. Wakapaka petroli yao na sabuni, wakasugua, wakapiga maji. Rangi ilianza kulegea kwenye kuosha kwa kwanza. Nikawaambia warudie. Mara ya tatu walinirudishia ganda lililo safi kama sahani, na hakuna mtu angejua kwamba limewahi kuandikwa.

Nilirudi nikautoa ule mfuko wa saruji chini ya meza. Nikaifungua alteneta ya tatu, kazi ya robo saa, ambayo ningeweza kuifanya siku ile dereva akiwa amesimama mbele yangu. Ndani kulikuwa na tope lililokauka, limejipanga kwa tabaka, na katikati ya tabaka kuna mistari myeupe ya magadi. Pete za shaba zilikuwa zimeliwa. Grisi niliyoiweka kwa mkono wangu ilikuwa imeoshwa yote, beringi kavu. Kaboni nilizoziweka nilizijua, nilikuwa nimezikata pembe kwa tupa kama ninavyofanya siku zote. Na kwenye sikio moja la kufungia bolti, mahali ambapo brashi haifiki, nilipoondoa mafuta yaliyoganda, palikuwa na tone la rangi nyeupe la ukubwa wa punje ya ngano. Lilikuwa mkia wa tarakimu yangu ya mwisho.

Nikaketi chini. Nilikuwa sakafuni, na ovaroli safi, na sikujali.

Baadaye nilifungua daftari na kulisoma upya, tangu mwanzo. Alteneta zilizoishi miaka zilikuwa za lori la mchanga, za pikapu ya vitunguu ya Mang'ola, za gari moja la maziwa ambalo mwenyewe aliniambia ana haraka na akaingia na tope lake nikamfokea. Zilizokufa changa zilikuwa za magari ya watalii na ya hoteli. Nilikuwa nimezitafutia kila moja sababu yake: feki, friji, mkanda, bahati mbaya. Magari yaliyonitii ndiyo yaliyokufa, na aliyenitii kuliko wote ndiye niliyemwita mwizi.

Bati nililishusha siku hiyohiyo. Mwenye duka la spea nilikwenda kumwomba radhi, akacheka na kunipa chai ya tangawizi, akaniambia alishasahau, jambo ambalo nina hakika si kweli. Meneja nilimpigia simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema ni jambo la kusikitisha, kwamba yule alikuwa dereva mzuri, lakini nafasi imeshajazwa na mambo ni ya zamani. Aliniuliza kama basi nawashauri wasioshe injini. Nikasema ndiyo.

Kwa dereva sikwenda. Nilikaa wiki tatu nikijiambia kwamba kuna kazi nyingi. Kazi zilikuwepo, ila kilichonizuia ni hofu. Jumamosi ya wiki ya nne nikaifunga alteneta vizuri, nikaitia kwenye kikapu, nikapanda gari la kwenda vilimani.

Nilimkuta nyumbani, ameketi kwenye kigoda anapura mbaazi. Alikuwa amekonda, na lile shati la kaki la safari alikuwa amelikata mikono likawa la shamba. Tukasalimiana kwa Kiiraqw, akanipa kiti. Nikaitoa alteneta kwenye kikapu na kuiweka chini kati yetu, nikamweleza yote bila kupunguza: bati, petroli, kalamu, tope la ndani, tone la rangi. Nilimwambia kwamba alisema kweli siku ile na mimi nilisema uongo, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Nikamwambia nimeshampigia meneja, na kwamba meneja hatamrudisha.

Aliendelea kupura mbaazi muda wote nilipokuwa nikisema. Nilipofika kwa meneja akaacha.

"Huyo si kitu," akasema. "Mwambie mama watoto."

Akamwita mke wake kutoka jikoni. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, mwanamke mrefu, wa makamo kama mimi, akasimama mlangoni bila kukaa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya katika nyumba ile. Kwa karibu miaka miwili mwanamke huyu alikuwa akimuuliza mume wake hela za alteneta tatu zilikwenda wapi. Hazikuja nyumbani. Hazikulipa ada. Kwa hiyo kuna mahali zilikwenda, na mwanamke mwenye akili timamu anajua ni mahali pa namna gani. Mume alisema hakuna hela. Naye angesema nini kingine? Watoto wakubwa wawili walikuwa wameegemea upande wa mama yao.

Nikaanza upya. Nilimweleza yule mama polepole, nikamwonyesha pete zilizoliwa na mistari ya magadi, nikamwonyesha ile punje ya rangi. Akainama akaiangalia kwa muda mrefu. Akaigusa kwa ukucha.

"Kwa hiyo hela hazikuwepo," akasema.

Nikasema hazikuwepo kamwe.

Hakumtazama mume wake. Alinitazama mimi, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

"Sasa wewe dada, ulijua hii itategemewa. Kwa nini uliandika kwa rangi ya kufutika?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani, hilo halikuwemo. Nikamwambia ukweli, kwamba niliona msumari unachafua kazi. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akarudi jikoni. Nilisikia vikombe. Chai aliyoileta ilikuwa na vikombe vitatu, na cha kwanza alimpa mume wake kwa mikono miwili. Yeye alikipokea, akakiweka chini bila kunywa.

Siku hizi ninakwaruza kwa msumari, kwa nguvu, na mwandiko wangu ni mbaya kama wa mafundi wengine. Injini huingia kwangu na matope yake, nami hupangusa kwa kitambaa na hewa. Ovaroli haipigwi pasi.

Nilipoondoka siku ile nilitaka kuirudisha alteneta kikapuni, maana shaba yake bado ina thamani. Dereva akaniomba niiache. Nimepita kwao mara kadhaa tangu hapo na kila mara naikuta palepale alipoiweka, sebuleni, juu ya kabati la vyombo, katikati ya picha ya harusi yao na sahani za wageni, ile punje ya rangi ikiwa imeelekezwa mlangoni. Majirani wakitoka kanisani wakaingia kunywa chai, huuliza ni kitu gani, na mke wake huwasimulia. Yeye husikiliza. Kwenye gari ilidumu wiki tisa. Kabatini ina mwaka wa tatu sasa, na bado inafanya kazi.